Njano ni ya Yanga

Mdogo wangu Anord ana akili, sikatai, ila zote amezipeleka uwanjani. Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za Anord zilinyolewa kipara siku alipoanza kuipenda Simba.

Mimi nauza chakula pale kona ya kuingilia Kihesa. Yeye ni bodaboda, na kijiwe chao kinatazamana na jiko langu, kwa hiyo upuuzi wake nalishwa asubuhi na jioni. Jezi nyekundu, kofia nyekundu, pikipiki nyekundu. Siku moja nilimpikia mchicha akaniuliza kama nimehamia kwa watani wa kijani, Yanga.

Mwaka huu alikwenda Mbeya kuangalia mechi. Wenzake walirudi na mchele wa Kyela. Yeye alirudi na taa nyekundu kutoka Mbalizi, akazifunga pale zinapokaa indiketa. Zile za njano zilizokuja na pikipiki alizing'oa mbele ya macho yangu, akazitupa kwenye pipa langu la maganda.

"Dada, njano ni ya Yanga," alisema. "Yaani kila nikikata kona niwakonyezee watu rangi za Yanga? Haiwezekani."

Hata muuza spea aliyemuuzia, Idrisa, alimwonya kwamba zile ni za urembo tu. Anord mwenyewe ndiye aliyenisimulia, huku akicheka. Sheria yenyewe haina ugumu wowote. Taa nyekundu hukaa nyuma, kuonyesha kwamba upo au unashika breki. Ya kugeukia ni njano iliyoiva, inayokaribia chungwa, ili anayekufuata ajue unahama njia, husimami. Mtoto wa chekechea angeelewa. Kijiwe kizima, wanaume wenye ndevu zao, hawakuelewa. Haikupita wiki, mashabiki wenzake nao wamefunga nyekundu, na wale wa Yanga, wasikubali kushindwa hata kwa ujinga, wakafunga za kijani.

Kulikuwa na mtu mmoja wa kuwazuia, naye ni Afande Liberatus, askari wa barabarani. Alimsimamisha Anord mbele ya jiko langu, akaizunguka pikipiki, akauliza hizi taa ni za wapi.

"Afande, kwanza wewe timu gani?" Anord akamuuliza.

Afande akajaribu kukunja uso, akashindwa. "Mnyama," alisema, wakagongeana mikono kama watoto waliookota embe. Akaomba chai, akanywa, akaenda zake. Nilitamani ile chai ningeimwagia kwenye kofia yake nyeupe.

Sasa, mama yetu anaishi peke yake Idodi, kijiji kilicho jirani na hifadhi ya wanyama. Analima mpunga, anachota maji, anakwenda kanisani, vyote kwa miguu yake mwenyewe. Hataki kuja kukaa mjini na hataki kusaidiwa. Jumamosi moja Anord alimfuata amlete kwangu, kwa sababu binti yangu Happy alikuwa anapata kipaimara kesho yake.

Niliwaona wakija. Mama amekaa upande na kitenge chake kipya, ameshikilia kuku. Anord akawasha taa ya kukata kulia aingie Kihesa. Nyuma yao kulikuwa na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, imebeba nyanya, dereva wake Bartholomeo, mteja wangu, mtu mpole. Bartholomeo akaona nyekundu inawaka kwenye mkia wa bodaboda. Akafikiri kile ambacho mtu yeyote mwenye leseni angefikiri: huyu anashika breki, anashusha abiria. Akahamia kulia ampite. Na Anord naye akakata kulia.

Anord alichubuka kiwiko. Mama alivunjika mguu, mfupa wa chini ya goti, mara mbili. Daktari alisema bado hawezi kuahidi kama atakanyaga tena shambani. Bartholomeo akapelekwa mahabusu jioni ile ile, maana kwetu gari likigongana na bodaboda, mwenye gari ndiye mwenye makosa, hakuna haja ya kuuliza. Pikipiki yenyewe, ambayo ndiyo ingejibu maswali, hakuna aliyekumbuka kuichukua. Ilisukumwa hadi kijiweni ikaachwa hapo.

Jumapili alfajiri nilimkuta Anord ameinamia pipa langu, mikono imezama kwenye maganda ya viazi. Anatafuta njano! Pipa lilishamwagwa siku nyingi. Akaenda kuazima vioo vya njano kwa mwenzake mmoja, akavikaza juu ya taa zake.

"Dada, ukiulizwa, sema ilikuwa njano."

"Na Bartholomeo?"

"Yeye ana gari. Atajijua."

Nilimtazama, mtoto niliyembeba mgongoni, nikamdharau kuliko nilivyowahi kumdharau mtu. Hata ile imani yake ya kijinga ilikuwa ya uongo. Kwa Simba alikuwa tayari kuvunja sheria, lakini polisi alipotajwa tu, amevaa Yanga.

Jumatatu Afande Liberatus alikuja kukagua. Akaitazama pikipiki kwa mbali, akasema, "Njano. Hapa hakuna tatizo." Kijiwe kizima kikaitikia kwa vichwa, wekundu na kijani pamoja. Sijawahi kuwaona wamepatana hivyo.

"Si ilikuwa njano, dada?" Anord alinigeukia.

"Ilikuwa nyekundu," nilisema. "Na Afande anaijua, aliiona, kisha akanywa chai yangu. Washa, Afande. Usikague kwa macho tu."

Hakuwa na pa kukimbilia, wateja wangu wote walikuwa wamesimama na sahani zao. Akawasha. Njia ya mwongo ni fupi: Anord alibadilisha vioo, balbu za ndani akaziacha zile zile nyekundu. Taa ikakonyeza nyekundu mchana kweupe.

Bartholomeo aliachiwa. Leseni ya Anord ilichukuliwa, na kesi anayo. Kabla hajaanza kulia kwamba nimemuuza, nilimshika mkono nikampeleka hospitali, amwambie mama yeye mwenyewe.

Alimwambia. Sauti yake ilikuwa ndogo. Mama alisikiliza, mguu umening'inizwa, kisha akauliza kwa nini aliweka nyekundu.

"Kwa ajili ya Simba, mama."

"Simba."

"Timu, mama."

"Timu naijua." Mama alifumba macho. "Simba wenyewe nakaa nao kule Idodi. Wamekula mbuzi wangu, wamekula na mbwa. Miguu waliniachia."