Dirisha la Faragha

Saluni yangu ina viti vitatu na midomo kumi na mitano, kwa hiyo siri ya mteja mimi siichezei. Binti yangu alishanifundisha: ukitafuta jambo nyeti kwenye simu, fungua dirisha la faragha, usiache hata unyayo. Basi nikageuka mhubiri. Msaidizi wangu akiacha akaunti yake wazi, nitamsema mpaka akome.

Leo mteja wangu mmoja, tunamwita Mwalimu, kaja kusukwa, kaja na mama yake. Mama nikamtia rola, nikamkalisha chini ya draya karibu na mlango. Nilipomfungua Mwalimu kilemba, nywele zikanijia mkononi, fungu zima, likadondoka sakafuni.

"Dada, nifunike haraka," akaninong'oneza. "Nimeanza dawa za saratani. Mama hajui. Ana presha yule. Nataka nimwambie mwenyewe, nyumbani, taratibu."

"Hiyo nitaingia nayo kaburini," nikamwambia, nikamfunika.

Lakini kichwa cha namna ile kinasukwaje? Nikiwauliza wenzangu, nimeshamuuza. Nikachukua simu, nikafungua dirisha langu la faragha, nikaandika kwa kujiamini kabisa: mgonjwa wa saratani, nywele zinakatika kwa dawa, je, anaweza kusukwa?

Umbea ukakatika ghafla saluni nzima. Nikadhani mwenye nyumba kaingia. Nikageuka.

Jamani! Simu niliiunganisha na televisheni ya ukutani tangu asubuhi, wateja wachague mitindo. Nikasahau. Kila nilichoandika kilikuwa juu pale, herufi kubwa za kusomeka hadi barabarani, na chini yake picha za wanawake wenye vipara. Faragha gani hiyo, mbele ya kadamnasi! Na kichwa kilichokuwa mikononi mwangu kilikuwa kimoja tu, kila mtu alikiona.

Nikabonyeza huku, nikabonyeza kule, picha ikazidi kukua. Msaidizi wangu, yule yule ninayemsema kila siku, ndiye aliyekimbia akachomoa waya wa televisheni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mwalimu hakunitukana. Afadhali angenitukana, angenipiga hata na kitana, roho yangu ingetulia. Aliinamisha kichwa tu, akawa anatazama mikono yake.

"Nisamehe, dada yangu," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mwizi.

Mama akatoka chini ya draya na rola zake kichwani. Akaja pole pole, wateja wakimpisha. Akainama, akaokota lile fungu la nywele, akalikunjia kwenye kitambaa chake cha mkononi. Akamvuta binti yake kichwa, akakilaza tumboni mwake, akakishika hivyo kwa muda. Kisha akaniinulia macho, na hayakuwa na hasira.

"Mimi ndiye niliyemzaa," akasema. "Na habari yake nimeisoma ukutani, pamoja na wateja wako."