Picha za Njano za Mama Giza

Jina la Mama Giza hakupewa na mzazi wala mume. Alipewa na mlinzi wa lango la kiwanda cha mabati, siku alipokwenda kuomba ile taa yao kubwa ya uani ielekezwe chini, isimulike mbingu. Mlinzi alicheka mpaka kofia ikamtoka.

"Mama, watu wote wanalilia umeme, wewe unalilia giza?"

"Nalilia giza langu. La kwenu bakini nalo."

Kuanzia hapo mtaa mzima ukamwita hivyo, naye akaitikia. Jina la kejeli ukiliitikia mapema linakosa meno.

Riziki yake ilitoka kwenye chumba kimoja cha kupigia picha za pasipoti: pazia la bluu, kiti cha plastiki, mashine ya kutolea nakala inayokwama kila mtu anapokuwa na haraka. Kamera yake ilikuwa ya mtumba, na lenzi yake ndefu ilikuwa na mkwaruzo pembeni. Mchana kamera hiyo ilipiga nyuso za watu wanaotafuta vitambulisho. Jioni ilipanda naye juu ya paa la zege kupiga nyota.

Hakusomea. Alijifunza kwa kutazama video kwenye simu na kwa kukosea. Aligundua kuwa nyota hazitulii, zinatembea, na ukiiacha kamera wazi kwa nusu dakika zinaburuzika kama makovu. Wenye nacho hununua mashine ya kuzifuata. Yeye aliunga mbao mbili kwa bawaba ya mlango, akapitisha bolti ndefu katikati, akawa anaigeuza kwa vidole, polepole, kwa kufuata mdundo wa saa kwenye simu: ti, ti, ti. Kiwanda kilinguruma upande wa pili wa ukuta, kwa hiyo mdundo huo aliusikilizia kwenye spika za masikioni, sauti juu kabisa.

Alichokitaka kilikuwa kimoja tu: Kilimia. Kila mtu anakijua, kile kishada kidogo ambacho wakulima walikitazama kabla hawajashika jembe. Macho huona nyota sita, saba ukiwa na bahati. Lakini kamera yenye subira huona pia moshi wa bluu unaozizunguka, mwembamba kama pumzi juu ya kioo. Kuupata si kazi ya picha moja. Unapiga picha nyingi za palepale, halafu kompyuta inazirundika moja juu ya nyingine mpaka kilicho hafifu kinapata nguvu. Mama Giza aliipenda sana hesabu hiyo. Alisema hivyo ndivyo chama cha wafanyakazi kilivyotakiwa kuwa, mnyonge juu ya mnyonge mpaka waonekane. Bahati mbaya cha pale kiwandani kilirundika vikao tu.

Alikuwa na haki ya kusema. Ujanani alifunga mabati kwenye kiwanda hicho hicho, akafukuzwa kwa kosa la "uchochezi", yaani kuuliza. Alimkumbuka mwenzake aliyekatwa vidole na mashine, na meneja wa enzi hizo aliyesema mwanamke yule alikuwa akitazama kucha zake. Mameneja wamekuja na kupita, kila mmoja na gari lake, na kila aliyeumia ameambiwa kosa ni la mwili wake mwenyewe. Wao wana makabati ya mafaili. Wanaofukuzwa wana kumbukumbu, na kumbukumbu haiungui moto.

Sasa, taa ile. Ilipowaka, anga la Mama Giza lilitoka rangi ya mkojo. Kila jioni alipiga, kila jioni njano. Na kila jioni aliitupia picha moja mbovu kwenye kundi lao la simu, kundi la wapiga picha za nyota wa miji tofauti ambao hawajawahi kuonana, pamoja na neno la hasira: "Wezi wangu hawa hapa." "Leo wamenipikia ubwabwa wa mwanga."

"Mama Giza," alimwandikia mmoja waliyemwita Profesa wa Mawingu, kwa sababu kwake mawingu hayaishi, "kiwanda chako tumekijua kuliko wake zetu. Tupe nyota."

Siku moja nyota akazipata. Alikuwa ameshapiga njano kadhaa, ameshatukana, mara uani giza likadondoka kama blanketi. Taa zote za nyuma zimezimwa, mashine ndani zinaendelea kunguruma. Hakuuliza kwa nini. Mwenye njaa haulizi sahani imetoka wapi. Alizikaza spika masikioni, akageuza bolti, ti, ti, ti, akapiga mpaka taa ziliporudi ghafla na king'ora kikalia. Akazilaani kwa sauti. Akashuka kulala akiwa na furaha ya mwizi.

Asubuhi, kabla hajafungua mlango wa duka, alisikia kwamba shemeji yake, mume wa mdogo wake, mpakiaji wa zamu ya jioni, ameokotwa ndani ya shimo la mizani ya malori huko uani. Nyonga imevunjika. Mfuniko wa shimo ulikuwa umeondolewa na mafundi, hakuna aliyeurudisha.

Alikwenda hospitali, akalia kama watu, akarudi. Wala hakuunganisha mambo. Kichwa kina milango mingi, na mwenye furaha huifunga mwenyewe. Jioni alizirundika picha zake, na moshi wa bluu ukatokea, mwembamba, wa kweli. Akaitoa picha kubwa, akaitundika dukani juu ya kiti cha wateja.

Mdogo wake alipoingia wiki iliyofuata, alikaa chini ya picha hiyo bila kuitazama.

"Dada, wanamfukuza. Jumamosi kuna kikao, afisa kazi wa serikali anakuja. Wanasema ni uzembe wake. Eti alikuwa amelewa."

"Shemeji? Huyo hata soda inampandisha chafya."

"Wanasema alianza siku hiyo."

"Na giza je?"

"Giza gani?" Mdogo wake alimtazama. "Yeye anasema kulikuwa giza, hakuona hata mkono wake. Wao wanasema taa ziliwaka jioni nzima. Mlinzi ameshasaini. Nani atamwamini mtu aliyelala na chuma kwenye nyonga? Alipiga kelele mle shimoni mpaka sauti ikaisha, dada. Hakuna aliyemsikia."

Mama Giza aliinua macho kwenye picha, kisha akayashusha haraka, kama aliyegusa pasi ya moto. Alitaka kusema. Ukuta wa kiwanda uko hatua chache kutoka paani kwake. Angezitoa zile spika masikioni mara moja tu, angemsikia.

"Nenda nyumbani," alisema. "Mpe dawa zake. Nitaona la kufanya."

"Utaona nini? Wewe unaona nyota tu."

Alisema kwa utani wa dada na mdogo wake.

Mara tu mdogo wake alipotoka, Mama Giza aliifungua kompyuta. Kila picha ya kamera hubeba saa yake. Zingeonyesha wazi taa zilipozimwa na ziliporudi. Akatafuta. Akatafuta tena. Zilikuwepo za giza tu.

Za njano alizifuta. Ndiyo kanuni ya kazi: kabla ya kurundika unachambua, nzuri unabakiza, mbovu unatupa, hasa kama kompyuta yako ni kuukuu na haina nafasi. Mpiga picha za nyota yeyote angefanya hivyo na kujipongeza. Na sasa alikuwa na rundo la giza zuri lisilothibitisha kitu. Mtu angemwambia: mama, usiku ni giza, umegundua leo? Giza bila mwanga wa kulipima ni neno la mnyonge tu.

Alikaa na mikono kichwani. Halafu akakumbuka matusi yake.

Alilifungua lile kundi la simu, akapandisha juu, juu, mpaka jioni ile. Picha ya njano ilikuwepo, na saa yake chini: "Wezi wangu wako kazini." Chini zaidi, baada ya taa kuwashwa tena, picha nyingine ya njano: "Wamewasha, mashetani hawa." Ushahidi mzima, mwanzo na mwisho, umehifadhiwa kwenye simu za watu wasiomjua shemeji yake, kwa sababu tu yeye alikuwa mlalamishi asiyejua kunyamaza.

Lakini katikati ya picha hizo mbili palikuwa na ujumbe wa tatu. Ulikuwa na picha ya Kilimia, nyeusi na safi, na maneno haya: "Jamani WAMEZIMA! Mungu hamtupi mja wake. Laiti wangezima kila siku!"

Chini yake Profesa wa Mawingu alikuwa amepiga makofi.

Aliusoma mpaka herufi zikamchezea. Wakati anaandika *Mungu hamtupi mja wake*, mja mwingine alikuwa shimoni nyuma ya ukuta, chali, nyonga vipande viwili. Kuficha hakukuwa kazi. Angeonyesha ya kwanza na ya mwisho, ya kati akaikata. Nani angejua? Mdogo wake asingejua. Kidole chake kilikaa juu ya kioo cha simu muda mrefu.

Kilichomzuia hakikuwa utakatifu. Mama Giza hakuwa malaika, waulize aliowauzia nakala zilizofifia. Kilichomzuia ni kwamba alikuwa ameshatupa mbovu mara moja, na ameona kulikomfikisha.

Jumamosi walikutana kwenye ukumbi wa kulia wa kiwanda, meza ndefu ya mabati ikibonyea katikati. Shemeji aliletwa kwa gari la jirani, akalazwa kwenye benchi. Bwana utumishi, mwanaume nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni na sauti ya kubembeleza watoto, alisoma maelezo ya kampuni. Mfanyakazi aliambiwa asipite njia ya nyuma. Akapita. Akafunga maelezo na kutabasamu kwa wote.

"Wazee walishasema, ndugu zangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Watu wachache wa ofisini walicheka. Shemeji aligeuza uso ukutani. Mama Giza alisimama, na kiti chake kikaanguka nyuma.

"La mkuu lilikuwa zima taa," alisema. "Hilo lilisikiwa vizuri sana. Ndilo lililomvunja guu."

"Na wewe ni nani hapa?"

"Mliponifukuza mlikuwa mnanijua. Ni shemeji yake. Na ni jirani wa taa zenu."

Alimkabidhi afisa kazi simu. Afisa, mwanamke mnene aliyekuwa akijipepea kwa bahasha, aliacha kujipepea. Alitazama ya kwanza, akauliza ni wapi, akaonyeshwa paa dirishani. Akatazama saa zilizoandikwa. Halafu, kwa kuwa alikuwa mtu wa kufuata utaratibu, akasoma kila kitu kwa sauti, mstari kwa mstari, na wa kati pia. "Jamani, wamezima. Mungu hamtupi mja wake. Laiti wangezima kila siku."

Bwana utumishi ndiye aliyewahi.

"Kumbe shemeji mtu alikuwa anashangilia," alisema, akicheka kidogo.

"Nilikuwa nashangilia giza lenu," Mama Giza alisema. "Kwa hiyo lilikuwepo?"

Tabasamu lilibaki usoni mwa bwana utumishi, ila mwenyewe alikuwa ameshatoka. Alisema suala hilo litachunguzwa. Afisa kazi alisema kwamba wakati linachunguzwa hafukuzwi mtu, neno la ulevi lifutwe, na mlinzi aliyesaini aitwe aje aeleze alichosaini. Si ushindi mkubwa. Kwenye nchi ya mabati, kutofukuzwa ukiwa umevunjika nyonga huitwa neema.

Mdogo wake hakumsemesha. Alimsaidia mumewe kuingia garini, akafunga mlango, akaenda. Siku zikapita, chakula Mama Giza alichopeleka kilipokelewa mlangoni, vyombo vikarudishwa vimeoshwa, bila hodi wala salamu.

Kisha asubuhi moja aliingia dukani. Alisimama katikati ya chumba, akaitazama picha kwa mara ya kwanza.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo."

"Alikuwa anapiga kelele wakati huu."

"Ndiyo. Sikusikia, mdogo wangu. Masikio yangu yalikuwa yamezibwa."

"Najua yalikuwa yamezibwa. Kila mtu siku ile alikuwa na cha kuzibia." Alisogea karibu na picha. "Anasema na yeye aliziona. Alikuwa chali, na mbingu nzima iko juu ya lile shimo. Anasema hajawahi kuona nyota vile. Akadhani ndiyo kufa kwenyewe."

Mama Giza alipanda juu ya kiti cha wateja kuitundua. Vidole vyake vilishindwa na msumari.

"Acha," mdogo wake alisema. "Mimi sitaitazama tena. Nikija, utanigeuzia kiti. Lakini iache hapo, na kila anayekuja kupigwa pasipoti akiuliza, umwambie ilivyopatikana. Yote. Na ile ya kushangilia."

"Na ile ya kushangilia."

Tangu kikao kile, taa za uani hazijazimwa hata mara moja. Wameongeza na mbili, zinamulika mpaka juu ya paa la Mama Giza, na Kilimia hakionekani hata kwa macho. Kila jioni anapanda na kamera, bila mbao, bila bolti, masikio wazi. Anapiga picha moja tu, ya njano, mbovu kabisa, anaituma kwenye kundi bila neno. Profesa wa Mawingu hamtanii tena.

Picha hiyo haifuti. Kompyuta inalalamika kwamba imejaa, naye anaiacha ilalamike.