Mlango wa Baba Mkwe

Mchana wa Ijumaa Kuu, nusu ya watumishi wakiwa kanisani na korido za hospitali zikiwa kimya, muuguzi Veneranda alipigiwa simu kutoka Dar es Salaam na Daktari Benjamini, mratibu wa mtandao wa utafiti wa dawa. Daktari, ambaye kwa kawaida huuliza hali ya mvua na ya mahindi, safari hii hakuuliza chochote. Alisema mgonjwa mmoja huko kaskazini sukari imemshuka akapoteza fahamu, baada ya kumeza dawa ya utafiti bila kula. Wa pili, kusini, yalimkuta yaleyale, na huyo hakuamka.

Mtandao wenyewe ulikuwa mchanga. Hospitali za vyuo vikuu zilikubaliana kujaribu dawa pamoja, kwa utaratibu mmoja, na kupashana kila linalotokea. Hospitali ya Veneranda, hapa Tabora, iliingia kama tawi na kupewa dawa mpya ya kisukari. Zamani kila hospitali ingemzika mgonjwa wake na kusema ni kazi ya Mungu. Sasa misiba ya mbali iliwekwa pamoja, ikatisha.

"Nani kati ya watu wako amefunga leo?" Daktari aliuliza.

Veneranda alimjua mmoja. Mzee Shilinde wa Kwihara, katekista mstaafu, tangu ujana hajawahi kutia chakula kinywani siku kama hii. Alilisema hilo mwenyewe kliniki, akijivuna kidogo, na Veneranda alimsifu.

Simu ya Kwihara ilipokelewa na Minza, mke wa mtoto wa mzee. Huyu ndiye aliyekuwa msimamizi wa dawa nyumbani mle. Mtandao ulitaka kila mgonjwa awe na mtu wa nyumbani anayejua kusoma na mwenye simu, wa kumwangalia kila siku. Minza alimaliza kidato cha nne. Veneranda alimteua bila kusita, na kule Dar es Salaam hakuna aliyehoji.

Minza alieleza kwa sauti ndogo kwamba wote wamekwenda Njia ya Msalaba. Yeye amebaki na mtoto kwa kuwa arobaini ya uzazi haijatimia. Mzee alimeza kidonge alfajiri, akasema kichwa kinamzunguka, akarudi kulala.

"Umemwona tangu hapo?"

"Dada, yuko chumbani kwake."

Hapo Veneranda akaelewa alichokifanya. Yeye ni mzaliwa wa Sikonge, hakuhitaji kufundishwa. Mkamwana hakanyagi chumba cha baba mkwe, wala hamtazami akiwa amelala. Chakula hukiweka mlangoni akageuka. Kumbe miezi yote ile Minza alimwangalia mgonjwa kwa kusimama nje ya mlango, akauliza kama amemeza, akasikia kikohozi, akaondoka. Ofisini, mbele ya utaratibu uliopangwa vizuri vile, mila aliyokulia nayo haikumjia kabisa.

Akamwambia Minza agonge mlango, na simu asiikate. Alisikia kugonga, mara ya kwanza taratibu, kisha kwa nguvu. Hakuna aliyeitika.

Alinyakua mkoba wa dharura, akatoka akikimbia, akadandia pikipiki ya Zablon, bodaboda wa getini.

"Kwihara, haraka."

"Kwenda kumwona Mzungu wa tembe, pale makumbusho? Alishaondoka zamani, dada."

"Zablon, kuna mtu anakufa."

Zablon alipiga kiki. Mvua ya jana ilikuwa imeichimba barabara ile ya zamani ya misafara, na pikipiki iliteleza kati ya madimbwi na mashamba ya alizeti. Veneranda alibana simu chini ya mtandio, akamuuliza Minza majirani wako wapi. Kanisani, alijibiwa, na wengine mashambani. Ameita hadi koo limekauka. Kisha Minza akasema kwamba ndani kunasikika mkoromo, lakini si wa usingizi.

"Ingia, mdogo wangu."

"Siwezi."

"Ingia. Nitasema nimekutuma."

"Utamwambia nani? Mtoto wangu hatajua kama nilitumwa." Sasa alikuwa akilia. "Dada, anayevunja mwiko halipi yeye. Analipa wa mgongoni."

Veneranda angemwambia si kweli, lakini mwenyewe hakuwa na hakika ya kutosha kuapia uhai wa mtoto wa mwenzake. Aliogopa kumlazimisha, akaogopa zaidi kunyamaza. Mwisho alisema alichokijua: mkoromo ule ukikoma kabla hajafika, yeye hana dawa ya kuurudisha.

Upande wa pili bawaba ya mlango ililia.

"Mlaze ubavu," Veneranda alisema. "Usimnyweshe kitu, atapaliwa. Una asali?"

"Ipo."

"Chovya kidole. Mpake ndani ya shavu, kwenye ufizi. Rudia, polepole."

Simu ikakatika.

Njia iliyobaki, Veneranda hakuona shamba wala mtu. Aliona kidole cha mkamwana kinywani mwa baba mkwe, akaona na mtoto asiye na jina bado, akashindwa kuamua alichokiogopa zaidi.

Alimkuta mzee amelala ubavu, jasho limelowesha shuka, macho wazi. Minza alikuwa nje ya kizingiti, amepiga magoti, uso kaelekeza ukutani. Veneranda alimpima mzee, akarudia. Sukari, iliyokuwa imeshuka mno, ilikuwa ikipanda. Akaandaa dripu ya glukosi.

Mzee alilamba midomo. Akaonja, akakunja uso.

"Nani amenitia asali mdomoni?"

Veneranda alifungua kinywa. Uongo ulikuwa tayari, wa huruma, na nusu yake kweli: ni mimi, mzee. Lakini Minza alimtangulia, bila kugeuka.

"Ni mimi, baba."

Mzee Shilinde alivuta shuka hadi usoni. Zablon, aliyekuwa akichungulia kutoka uani, alirudi nyuma.

"Mtoto yuko wapi?" mzee aliuliza kutoka ndani ya shuka.

"Amelala, baba."

"Tangu saa ngapi?"

Minza aliinua uso kutoka ukutani.

"Kamwamshe," mzee alisema, na sauti yake sasa ilitetemeka kuliko ya mkamwana. "Nenda kamwamshe nimsikie."

Nyayo za Minza zilikimbia uani. Mlango wa pili ukafunguka. Veneranda alisimama na sindano ya dripu mkononi, hakuichoma. Alikuwa mtu wa vipimo, na alisubiri kama wao.

Kilikuja kilio, chembamba, cha hasira ya kukatizwa usingizi. Kikaendelea, kikapanda.

Mzee alitoa mkono nje ya shuka, akaunyoosha kwa muuguzi, huku uso wake ukiwa bado umefunikwa.