Paa Lililozibwa kwa Sabuni

Nimeezeka nyumba nyingi Dodoma hii, lakini uchafu niliokutana nao kwa bibi Ruthu wa Buigiri ulinichefua. Alinipigia simu niende upesi. Bati linapiga kelele kila upepo ukivuma, na yeye analala humo na mjukuu wake Jenifa. Paa lenyewe aliliezeka mkwewe, Eliakimu, fundi wa kuchomelea mageti kule Kizota, mtu mwenye mdomo kuliko kazi.

Nilimwamkia bibi, nikaingia ndani, nikatazama juu. Jamani! Ncha za misumari zinaning'inia hewani mstari mzima. Papi, ile mbao ya kushikia bati, iko huku. Msumari uko kule. Nikapanda juu, nikang'oa msumari mmoja kwa vidole viwili tu. Halafu nikaona matundu aliyotoboa kwa kukosea papi, kayaziba kwa vipande vya sabuni ya mche. Sabuni! Hiyo unazibia tangi la pikipiki likitoboka porini, si paa la mtu. Niliposhuka, bibi akanieleza kwa sauti ya chini kwamba mvua ilipoanza, povu liliwadondokea kwenye ugali, wakala hivyo hivyo. Nikatema mate pembeni.

Nikamuuliza kwa nini hakumwambia mwenyewe. Akanishangaa. Kwao mama mkwe hasemi na mkwewe ana kwa ana, sembuse kumkosoa kwa nyumba aliyomwezekea bure. Heshima gani hiyo ya kula povu? Nilinuna, nikapanda tena, nikayatoa yale mabati yaliyotobolewa ovyo. Nikavuta kamba juu ya kila papi nijue ilipopita, nikaanza kupigilia mabati mapya kwa misumari yenye mpira, kwenye mgongo wa bati, si bondeni maji yanakopita kama alivyofanya yule bwana.

Nikiwa juu, Eliakimu akafika na pikipiki. Bibi akakimbilia jikoni. Mkwe akataka kujua nani amemdharau kwa kuleta fundi mwingine. Nikamwambia apande aone. Hakupanda. Akadai upepo wa huku unang'oa hata kanisa, na mama mwenyewe hajawahi kulalamika. Nikapigilia msumari mwingine.

Ndipo bibi akasema kutoka nyuma ya mlango wa jikoni. Alinisemesha mimi niliye juu ya paa, na mkwewe amesimama hapo hapo mlangoni.

"Joel, mwambie baba Jenifa hivi. Mimi nimeshazeeka, bati likiniangukia si neno. Lakini anayelala upande wa ukutani, chini kabisa ya bati hilo, ni mwanawe."

Nikamwambia neno kwa neno, ingawa alishasikia. Eliakimu akainamisha kichwa. Kisha akapanda ngazi taratibu, akaniuliza papi imepita wapi. Nikamwonyesha. Nyundo sikumpa.