Mwanamke wa Jikoni kwa Berto

Luzviminda alirudi kwao San Pablo, Ufilipino, na masanduku mawili, na kabla hajayafungua alikwisha jua: humu ndani kuna mwanamke. Jiko linang'aa. Sketi ya shule ya binti yake, Analyn, ina marinda yaliyonyooka kweli kweli. Nywele za mtoto zimesukwa mikia miwili iliyobana barabara. Mwanamume gani wa San Pablo anayeyaweza hayo, tena dereva wa bajaji!

"Nani kamsuka mtoto?"

"Jirani," mumewe Berto akajibu, macho kwenye sahani.

"Jirani yupi?"

"Jirani tu, Minda. Kula bwana, adobo inapoa."

Na hiyo adobo, nyama ya siki na vitunguu saumu, ilikuwa tamu, ndilo lililomuuma zaidi. Miaka sita amelea watoto wa watu Hong Kong ili nyumba hii isimame, halafu mtu aingie ajikalie kwenye nafasi yake! Filamu za Krismasi alizotazama huko na wenzake zilimfundisha la kufanya: mke hurudi, humfumania hawara, humzaba kibao, watu wakapiga makofi. Kibao cha kwake kilikuwa tayari.

Alfajiri akaaga kwamba anakwenda misa, zile za kuelekea Krismasi zinazosaliwa kabla jogoo hajawika. Alipofika kona akageuka. Pazia la jikoni lilikuwa limefungwa, na nyuma yake sauti ya Berto, laini, ambayo Minda hakuwa ameisikia tangu enzi za uchumba.

"Tulia, kipenzi. Nikikuvuta useme."

Minda akasukuma mlango, mkono juu.

Berto alikuwa amevaa aproni ya maua, kitana amekibana kwa meno, Analyn katikati ya magoti yake. Hakuna mwingine.

"Funga mlango!" Berto akamaka. "Jamaa wa kijiweni wakiniona hivi, watasema naishi chini ya sketi ya mke mpaka nazikwa."

"Ni wewe? Siku zote?"

"Ulitaka nimwite nani?" Akaivua aproni haraka haraka, akamnyoshea kitana. "Haya, shika. Kazi yako hii. Umesharudi."

Minda alikipokea kwa furaha. Lakini alipogusa zile nywele, mtoto alijivuta, akashika suruali ya baba yake.

"Mama," akauliza kwa adabu, kama anavyoulizwa mgeni, "unaondoka lini tena?"