Orodha Iliyoishia Njiani

Bamba la chuma alilikumbatia kifuani njia nzima, wala hakujali watu wanamtazama vipi. Mume wake, mchomeleaji wa mageti, alikuwa amelihangaikia siku nne: ua moja, ndege mmoja na neno moja, KASUKU. Ndivyo walivyomwita binti yao, maana tangu alipojua kusema hakuwahi kufunga mdomo, mpaka homa ilipomnyamazisha akiwa na miaka sita. Leo makaburi mapya yalikuwa yanafunguliwa kwa jamaa kwa mara ya kwanza, na baba mtu alikuwa na geti la kumalizia.

"Tangulia, mama Kasuku," alimwambia. "Ukishaona wamemweka wapi, nipigie. Nitakuja na saruji tulisimamishe."

Mlinzi wa makaburi mapya alipitisha kidole kwenye orodha yake mara mbili. "Hayupo, dada."

"Hayupo vipi? Mimi ndiye karani wa makaburi. Orodha hiyo nimeiandika mimi."

"Basi unaijua kuliko mimi. Tazama mwenyewe."

Akatazama. Hayupo.

Na kweli aliiandika yeye. Kila aliyezikwa katika mji ule alikuwa na mstari wake kwenye lahajedwali ya ofisi, kwa kufuata tarehe, wa zamani juu, wa juzi chini. Mstari wa 65,871, ule wa Kasuku, hakumwachia mwenzake. Aliuandika kwa mkono wake mwenyewe, akaenda kujifungia chooni. Kisha ikaamuliwa barabara mpya ipite kwenye makaburi ya zamani, na mkandarasi akaomba orodha ili ajue nani wa kuhamishwa. Vibao vya mbao vinaoza na majina yanafanana, kwa hiyo ofisi ikaagiza ving'olewe vyote, kila kaburi lipigiwe kigingi chenye namba ya orodha. Agizo lilipendeza sana kwenye karatasi. Maana yake ni kwamba pasipo na kigingi hapakuwa na kaburi, palikuwa na udongo tu.

Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha mabati cha mkandarasi, ng'ambo ya makaburi ya zamani. Mle ndani alikaa mzee waliyemwita Babu Kompyuta, yeye na mashine ambayo herufi zake zilishafutika kwenye vitufe.

"Shikamoo, babu. Naomba kuliona lile faili nililokutumia."

"Marahaba, mwanangu. Lile la pili, siyo? La kwanza lilinigomea kabisa. Mashine yangu ni ya zamani, ya kwenu ni ya juzi, hazielewani. Ukaniwekea kwenye toleo la zamani, Mungu akubariki."

"Nenda mwisho wa orodha."

Babu akaenda. Mstari wa 65,536. Chini yake hapakuwa na kitu, hata mstari mtupu.

"Shuka tena."

"Nishuke wapi? Programu hii mistari yake ni hiyo tu. Ikijaa, imejaa."

"Na iliyozidi?"

"Inakatwa. Lakini si huwa inakuonya unapohifadhi?"

Ndiyo, ilimwonya. Lakini kompyuta ile iliwahi kuacha kuonya lini? Wino unaisha, nywila imechakaa, programu inataka kusasishwa. Kutwa nzima inalalamika, naye alishazoea kuyafukuza maonyo yake kama nzi. Siku ile alikuwa ameshasimama, mkoba begani. Kidirisha kikatokea, akabonyeza "Endelea" bila kusoma hata neno moja. Orodha yake ilikuwa na mistari 65,902. Alikuwa amewakata watu mia tatu sitini na sita, wote wa mwisho mwisho, wale ambao makwao msiba ulikuwa bado mbichi.

"Hao wako upande gani?" Babu aliuliza.

"Ukutani. Karibu na bomba la maji."

Babu alivua miwani. "Leo ndiyo wanashindilia huko," alisema, akaanza kumpigia nyapara. Simu iliita, haikupokewa.

Karani alivuka barabara bila kutazama magari. Alipita katikati ya mashimo ya waliokwisha kuhamishwa, kiatu kimoja kikabaki matopeni, akakiacha. Upande wa ukutani, mtambo wa kushindilia ulikuwa unakwenda na kurudi polepole juu ya kifusi kilichotandazwa sawasawa. Alikwenda akasimama mbele yake.

"Zima! Kuna watu humo! Zima!"

Dereva akazima. Nyapara akaja mbio akifoka, kisha akaona bamba lile na mguu usio na kiatu, sauti ikashuka.

"Mama, hapakuwa na kigingi hata kimoja hapa."

"Mliona matuta! Hamna macho?"

"Tuliyaona. Ndiyo maana nikasimamisha kazi, nikapiga simu ofisini kuuliza. Nikaambiwa orodha imekamilika, nifuate orodha."

"Nani alikwambia hivyo?"

Nyapara alitazama chini. "Ilikuwa sauti yako, mama."

Hakukumbuka simu hiyo. Pengine alikuwa anakunywa chai. Alipiga magoti kwenye kifusi akaanza kuchimbua mawe kwa kucha. "Chimbeni. Ni hatua arobaini na mbili kutoka bombani. Nimezihesabu kila wiki."

"Bomba tuliling'oa jana," nyapara alisema taratibu. "Hata tukifukua lote, nani atajua yupi ni yupi?"

Dereva alishuka, akakaa chini, akashika kichwa.

Mchana ule mkuu wa ofisi alisema ziandikwe barua. Karani akakataa. Alifungua orodha yake, ile nzima, yenye namba ya simu ya jamaa pembeni ya kila jina, akaanza kupiga. Alianzia chini kabisa, akawa anapanda. Wengine walimtukana. Mmoja alimwomba arudie, akarudia. Mmoja alimshukuru kwa kumpigia, na huyo ndiye aliyemuumiza kuliko wote. Baada ya simu thelathini na moja akafika kwenye namba aliyoijua kwa moyo.

Ilipokewa hapohapo.

"Mama Kasuku! Nimekungoja tangu asubuhi. Saruji nimeshaipakia kwenye toroli. Haya niambie, wamemweka wapi?"

Bamba lilikuwa magotini mwake. Alifungua mdomo, na yakatoka yaleyale aliyokuwa akiyasema tangu mchana, kwani mengine hakuwa nayo.

"Samahani," alisema. "Naongea na baba wa marehemu?"