Gundi ya Dakika Tano

Kule kazini walimwita Mama Juu. Kwa miaka kumi na moja alipanda ngazi ya chuma kila asubuhi, akajifungia kwenye kibanda cha kioo mita arobaini kutoka ardhini, akaendesha kreni mpaka jioni. Wanaume waliofanya kazi chini walimtania kwamba mvua ikianza kunyesha yeye ndiye anayepata habari kwanza. Alikuwa mzuri katika kazi yake. Aliweza kushusha mzigo wa nondo tani mbili na kuulaza juu ya mbao kama mtu anavyomlaza mtoto aliyesinzia.

Halafu mkanda mmoja wa kufungia mzigo ulikatika, nondo zikamwagika, na mtu akafa chini yake.

Uchunguzi ulichukua wiki sita. Ripoti ilisema mkanda ulikuwa umekatwakatwa kwa ndani na kingo za vyuma, na kwa nje haikuonekana. Mwendeshaji hakuwa na kosa. Msimamizi alimletea ripoti hiyo nyumbani mwenyewe, ndani ya bahasha, akamwambia apumzike mpaka atakapojisikia kurudi. Mama Juu aliisoma mara moja akaiweka juu ya friji.

Kujisikia kwenyewe ndiko kulikokuwa shida. Hakulia msibani wala baada ya hapo. Alikula kwa sababu sahani iliwekwa mbele yake. Aliamka, akafua, akaanika, akaanua. Binti yao akipiga simu kutoka chuo alimjibu vizuri, na simu ikikatika hakukumbuka walichozungumza. Kama mtu angemwuliza anaumwa wapi, asingekuwa na mahali pa kunyooshea kidole.

Mumewe alikuwa kinyozi. Duka lake lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao, kwa hiyo mchana kutwa mashine ya kunyolea ililia nyuma ya pazia, na wateja walibishana kuhusu mpira. Mara moja moja mume alichungulia.

"Mama, u mzima?"

"Mzima."

"Nilioa mtu wa mita arobaini, siku hizi naishi na wa kwenye stuli," alimwambia siku moja, akingoja acheke. Mkewe alitabasamu kwa adabu, kama mtu anavyomtabasamia mtoza ushuru. Mume akarudi kwa mteja wake.

Aliyeleta sanduku alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwalimu wa fizikia. Lilikuwa refu na jepesi, limefungwa kwa utepe wa plastiki, na juu yake kulikuwa na picha ya ndege nyeupe yenye mistari myekundu.

"Shemeji, hii tulinunua kwa ajili ya klabu ya sayansi," alisema. "Imekaa stoo miaka miwili. Mimi mwenyewe nimeifungua mara mbili nikaifunga. Sina mikono ya vitu vidogo."

"Na mimi nayo?"

"Wewe unajua mizigo. Na hii ni mzigo tu, ila unaruka."

Hakukubali wala hakukataa. Sanduku lilikaa juu ya kabati siku nane. Siku ya tisa nguo zote zilikuwa zimeshafuliwa na viazi vilikuwa vimeshamenywa, basi akalishusha.

Ndani mlikuwa na vipande vya foamu, ile nyeupe ngumu ambayo redio mpya hufungashiwa. Mabawa mawili, kiwiliwili kilichopasuliwa nusu mbili kama ganda la karanga, mkia, mota ndogo, propela, fimbo nyembamba za kaboni, mfuko wa skrubu, vimota viwili vya kusogeza mkia, na rimoti yenye vijiti viwili. Karatasi ya maelekezo iliandikwa kwa herufi ambazo hakuna mtu nyumbani aliyezijua. Lakini kulikuwa na michoro, na katika kila mchoro alikuwepo mtu asiye na sura, ni mikono tu na mishale. Alipanga vipande mezani kwa kufuata mishale. Kiwiliwili kizima hakikufika uzito wa kiatu.

Alianza na mkia, na akaanza vibaya. Mumewe alimletea gundi kali ya dukani, ile inayoshika vidole, na alipoitia kwenye mkia, foamu ikasinyaa na kuyeyuka. Likabaki tundu la ukubwa wa sarafu.

"Lo, nimekuharibia," alisema mume.

"Haidhuru."

Na kweli haikumdhuru. Alikata kipande kutoka kwenye foamu ya kufungashia, akakichonga kwa wembe wa mumewe, akaziba tundu. Shemeji alipopigiwa simu alicheka, akaeleza kwamba inatakiwa gundi ya mirija miwili, inayochanganywa nusu kwa nusu. Ikishachanganywa inakupa dakika tano, halafu ni jiwe. Jioni yake akampitishia.

Kwa siku nne kazi ilikwenda. Alifunga mota kwa skrubu fupi zilizotaka kushikwa kwa koleo ya nyusi. Alipitisha nyaya ndani ya kiwiliwili, akaunganisha nusu zake mbili. Aliwasha rimoti, akasukuma kijiti kulia, mkia ukaenda kushoto. Akageuza swichi ndogo iliyo nyuma ya rimoti, ukatii. Haikuwa raha. Ila ilikuwa saa moja, kisha saa mbili, ambazo zilipita bila yeye kuzisikia zikipita.

Siku ya tano ilikuwa zamu ya mabawa. Mchoro ulionyesha mikono minne. Nusu mbili za bawa zilitakiwa kukutana katikati juu ya fimbo ya kaboni, ncha zake zikiwa zimeinuka kidogo, na zishikiliwe hivyo mpaka gundi ikaze. Aliinua ncha kwa viberiti viwili kila upande, akaona patatosha mikono miwili. Akachanganya gundi juu ya kipande cha boksi, akapaka, akakutanisha. Papo hapo akaona kwamba haitoshi. Akikaza katikati, ncha zinateleza kutoka kwenye viberiti.

Mlango wa nyuma ukagongwa.

"Pita," alisema bila kugeuka, akidhani ni jirani.

Aliingia mwanamke wa makamo, amevaa gauni la kijivu lililoshonwa vizuri, mkoba kifuani. Alisimama karibu na mlango.

"Samahani. Wewe ndiye Mama Juu?"

"Ndiye."

"Mimi ni dada yake Kipimo."

Kipimo ndiye aliyekufa. Alikuwa mfunga mizigo na mtoa ishara, na jina hilo walimpa kwa sababu hakuwa akiondoka nyumbani bila futi ya kupimia kiunoni, hata akienda harusini.

Mama Juu alijua kwamba alipaswa kusimama, avute kiti, aseme maneno fulani. Vidole vyake vilikuwa vimebana bawa, na gundi ilikuwa imeanza kupata joto.

"Nimeshachanganya gundi," alisema. "Nikiachia inaharibika. Naomba unishikie hizo ncha."

Mgeni alimtazama, akaitazama meza. Akaweka mkoba chini, akaketi upande wa pili, akanyoosha mikono.

"Hapa?"

"Hapo. Usibonyeze. Zuia tu zisiteleze."

"Kwa muda gani?"

"Dakika tano."

Saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa cha mgeni. Nyuma ya pazia mteja alikuwa akilalamikia refa. Mikono ya mgeni ilikuwa imara, na kidole chake cha shahada kilikuwa na vitundu vidogo vya sindano.

"Wewe ni fundi cherehani," alisema Mama Juu.

"Miaka ishirini." Akaitazama ncha aliyoishika. "Sikuja kugombana nawe. Ripoti tumeisoma. Nimekuja kwa jambo moja tu. Wewe ndiye uliyemwona mwisho."

"Kutoka kule juu huoni mtu. Unaona kofia na mikono."

"Basi niambie kofia na mikono."

Mama Juu aliitafuta ile picha ndani yake. Aliipata bila taabu, ilikuwa mahali pake, safi na baridi.

"Kofia ilikuwa ya njano. Juu yake alichora jicho, kubwa, kwa wino mweusi. Aliniambia kwa redio ya mkononi, 'Dada, hata nikiinama nakuona.' Wengine wote walikuwa na kofia za njano, lakini mimi nilimjua kwa jicho lake."

Kitu kilitetemeka usoni mwa mgeni, kikakaribia kuwa kicheko.

"Jicho. Hilo hakutuambia."

"Alilipaka upya kila Jumatatu. Lilikuwa likifutika."

"Na siku ile alisema nini?"

"Alisema, 'Pandisha taratibu.'"

"Hilo limo kwenye ripoti."

"Halafu akasema, 'Leo jua kali, nina kiu.'" Mama Juu alitazama ufa wa gundi kati ya nusu mbili. "Hilo sikuwaambia wachunguzi. Waliniuliza mambo ya kazi tu. Mimi nikamjibu, 'Tumalize hizi kwanza, ndipo ukanywe.' Nikapandisha. Ni hayo tu. Hakuna jingine nililobaki nalo."

"Alikuwa na kiu," alisema mgeni polepole.

"Ndiyo."

Machozi yalimtoka yule mwanamke kimyakimya, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa imeshika, hakuwa na cha kufutia. Chozi moja lilishuka shavuni, likafika kidevuni, likaning'inia. Mama Juu alilitazama, na wazo pekee lililomjia lilikuwa kwamba lisidondokee kwenye gundi. Alijua wazo hilo ni baya. Alijua hivyo kama anavyojua namba yake ya simu. Chozi likadondokea gauni.

"Wewe huwa unalia?" aliuliza mgeni. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama fundi anayeuliza kitambaa kinasinyaa au hakisinyai.

"Hapana. Sijui kimetokea nini. Najitazama nikifanya kazi za nyumbani."

"Mama yetu naye yuko hivyohivyo. Anapepeta mchele uleule kutwa."

Dakika tano zilipita. Hakuna aliyeachia. Ilipofika dakika ya tisa mume alichungulia kupitia pazia, mashine mkononi, akawaona wanawake wawili wamekaa wakikabiliana, wameshika ndege kwa mikono minne. Akarudisha pazia taratibu.

"Imekaza," alisema Mama Juu mwishowe.

Mgeni alichukua mkoba wake. Alikataa chai. Mlangoni akageuka.

"Ikiruka nijulishe. Ningependa kuona nilishikia nini."

Iliruka Jumamosi iliyofuata asubuhi, kwenye uwanja wa shule, kabla upepo haujaamka. Usiku wa Ijumaa shemeji alikuwa amesoma mambo ya mizani ya ndege, akaja na kalamu na rula. Alimkuta Mama Juu ameshaiinua kwa ncha za vidole viwili chini ya mabawa, ameisogeza betri mbele kidogo, na ndege imetulia bila kuinamisha pua wala mkia. Akatia rula mfukoni.

"Mimi nilikuwa nataka kupiga hesabu," alisema.

"Piga tu."

Rimoti ilikuwa na vijiti viwili, kimoja kwa kila gumba, na mikono yake ilivijua kabla yeye hajafikiri. Dada yake Kipimo, aliyekuja na viatu vya kutembelea na khanga mabegani, ndiye aliyepewa ndege airushe. Shemeji alimwelekeza: mkono juu, pua iinuke kidogo, sukuma, usitupe kama jiwe. Mota ikalia. Akasukuma.

Ndege ilishuka kidogo, wote watatu wakavuta pumzi, kisha ikashika hewa, ikapanda. Mama Juu aliipeleka mpaka juu ya madarasa, akaikunja, akairudisha. Haikuwa na mtu chini yake. Alihakikisha hilo, alikuwa akiukwepa upande waliosimama. Kwa miaka kumi na moja alitazama chini, sasa ilimbidi ainue uso, na baada ya dakika chache shingo ikaanza kumwuma. Alingoja kitu kingine kije, furaha au kilio. Kilichokuja ni maumivu ya shingo, na alikuwa radhi nayo, kwa kuwa angalau aliweza kunyooshea kidole mahali yalipokuwa.

"Nipe na mimi," alisema dada yake Kipimo.

"Bado hujui," alionya shemeji.

"Na yeye leo ndiyo mara yake ya kwanza."

Akapewa. Aliendesha mzunguko mmoja na nusu, mdomo wazi. Halafu ndege ikaelekea kwao, kulia kukawa kushoto, akavuta kijiti kisicho chake, ikapiga chini kwa pua karibu na goli. Walipofika, propela ilikuwa imevunjika na pua imekunjamana. Fundi cherehani alipiga magoti, akaanza kuokota vipande akivitia kwenye khanga, hata vile vidogo kama punje za chumvi.

"Nitashona vipi hii," alinong'ona, na safari hii alicheka kweli, na kicheko kikaelekea kwenye kilio, na Mama Juu akakaa kando yake kwenye majani mpaka vyote viwili vikaisha. Hakumshika. Alikaa tu. Shemeji alikwenda kuhesabu madirisha ya madarasa.

Jumatatu Mama Juu alikwenda kazini kwa miguu. Msimamizi alitoka ofisini mwake akifuta mikono, amefurahi kupita kiasi.

"Umerudi. Kibanda chako kipo."

"Sipandi tena," alisema. "Nataka kazi ya chini. Ya kutoa ishara."

"Chini? Huko ni kushuka cheo, mama. Na jua lote ni lako."

"Najua."

 Msimamizi akasema ataongea na wakubwa, lakini haoni kwa nini wakatae. Aje Alhamisi, alete cheti cha daktari.

Nje ya lango alisimama. Kreni ilikuwa ikizunguka, inaendeshwa na kijana mgeni aliyekuwa na haraka kidogo mwishoni mwa mzunguko. Aliitazama mpaka dereva wa lori la kokoto akampigia honi apishe. Akapisha.

Nyumbani mume alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja akisoma gazeti.

"Wamesemaje?"

"Alhamisi."

Mume akakunja gazeti. Alikuwa na maneno mengi, ilionekana, akayameza yote, akabakiza moja.

"Umekula?"

"Bado."

Akampakulia. Akala.